Sauti ya Baraza na Sauti ya Meza

Mtu ashukaye kituo cha Msimbazi asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijawa kali na kabla njia hazijazibwa na mikokoteni, huisikia Kariakoo kabla ya kuiona. Kwani kila duka la vyombo vya umeme, kutoka Msimbazi hata kukaribia Lumumba, hutoa mlangoni sabufa iliyo kubwa kuliko zote zilizomo ndani, likaielekeza barabarani, na kuiamuru ishindane na ya jirani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa kizuri na kibaya hujitembeza pamoja, kwa ngurumo ile ile, na mnunuzi aliyekuja kutafuta spika mbili ndogo za kuweka kando ya kompyuta yake, au chombo cha kumpa mwanawe aliyepata PlayStation ya mtumba, huzongwa na kelele hizo hata akasahau kilichomleta. Kijana mmoja wa dukani, mwenye adabu nyingi na haraka nyingi zaidi, alinishika mkono siku moja akaniambia, "Karibu mzee wangu, hii inapiga mpaka mtaa wa pili." Nilimshukuru, nikaenda zangu nikitafakari ni nani wangu aliyeko mtaa wa pili, na kwa nini nimlipie.

Swali la spika rahisi za kompyuta na za mashine ya gemu limefichika katika maneno ya kijana yule. Soko letu limejaa vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya watu wengi walioketi mbali, ilhali mtu wa kompyuta ni mmoja na yu karibu.

Soko halikufika hapo kwa bahati. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio moja ilikuwa ya nyumba nzima na aghalabu ya mtaa mzima; iliwekwa dirishani, watu wakakaa barazani, na sifa yake ya kwanza ilikuwa ni kusikika hata kwa aliye mwisho wa mkeka. Baada ya redio zikaja kaseti, na sauti ikazidi kuwa mali ya umma: ya harusi, ya mkahawa, ya kinyozi, ya basi. Vyombo ambavyo katika nchi nyingine vilimfundisha mtu kusikiliza peke yake vilichelewa kwetu. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Bara tulingoja hata mwaka 1994. Na kompyuta, ambazo leo hubebwa mkobani na wanafunzi wengi wa chuo, zilipigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 1974, nayo marufuku hiyo ikachukua miaka mingi kulegea. Basi sikio la Mdarisalama lililelewa barazani, na sabufa ya leo, pamoja na majina yaliyozoeleka nchini kama Sea Piano na Aborder, ni mtoto halali wa baraza hilo. Simdharau mtoto huyo. Katika sebule yenye wageni kumi, katika kibanda umiza siku ya mechi ya watani wa jadi, katika banda la gemu ambamo watoto wawili wanacheza na kumi na wanane wanatazama, hakuna chombo cha bei yake kitakachofanya kazi yake.

Lakini mtu akaaye mbele ya kompyuta ana sikio lake karibu na spika kuliko urefu wa mkono wake. Anataka kusikia maneno ya mwalimu katika somo la video, mshindo wa hatua za adui anayemnyemelea kwa nyuma katika mchezo, na wimbo wa polepole anapoandika usiku watoto wamelala. Hiyo naiita sauti ya meza, na ile ya watu wengi walioketi mbali naiita sauti ya baraza. Sharti mnunuzi ajue, kabla hajapanda gari la kwenda Kariakoo, ni ipi kati ya sauti hizo mbili anayokwenda kuinunua, maana fedha kidogo haiwezi kununua zote mbili.

Hadaa kubwa kuliko zote ni ya wati, nami nina ushahidi wa nafsi yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua, katika duka ambalo sina haja ya kulitaja, sabufa ya plastiki nyeusi yenye taa za rangi zilizometameta kama jahazi la maulidi. Usoni mwa boksi palichapwa wati 12,000 kwa tarakimu nene kuliko jina la chombo chenyewe. Nilipofika nyumbani nikaigeuza, nikakuta mgongoni kibandiko kidogo kisemacho kwamba chombo hicho hutumia umeme wa volti 220, wati 35. Nilikaa kitako nikafanya hisabu. Pasi ya umeme ya nyumbani kwangu hula wati 1,000 ikaunguza shati. Je, chombo kilichopewa thelathini na tano kitoe elfu kumi na mbili kutoka wapi? Hata ng'ombe hatoi maziwa mengi kuliko majani na maji aliyoyapata.

Siri imo katika herufi nne zilizofuata tarakimu zile, PMPO, ambazo hudai kutaja nguvu ya juu kabisa iwezayo kupita katika chombo kwa kufumba na kufumbua, wala hesabu yake haina kanuni moja inayowabana watengenezaji wote, hata kila mmoja huandika kwa kadiri ya ujasiri wake. Wati za kweli, ambazo chombo huweza kuzitoa mfululizo bila kukwaruza, ni zile ziandikwazo RMS. Na pale ambapo herufi hizo hazipo, geuza chombo, soma kibandiko cha umeme, na ujue kwamba nguvu ya sauti itakayodumu haiwezi kuzidi hapo, bali itapungua, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kuwa joto. Fundi wa redio akiifungua sabufa ya bei ndogo aghalabu hukuta ndani yake aisii ya jamii ya TDA2030, kidude chenye miguu mitano ambacho, kikipewa umeme wa kutosha na bati la kukipooza, hutoa wati 14 hivi. Si aibu, ni kazi njema kwa bei yake. Aibu ni ya boksi.

Tena, wati hizo chache ni nyingi kuliko tudhanivyo. Kuongeza nguvu mara mbili hakuongezi sauti mara mbili: huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushangaa, na ili sauti ionekane kukua maradufu, yahitajiwa nguvu mara kumi. Kinyume chake, kuisogelea spika kwa nusu ya umbali huongeza desibeli 6 bila malipo yoyote. Spika ndogo ya kawaida, ipewapo wati moja, humfikia aliyeketi mita moja mbele yake kwa desibeli 80 hadi 85 hivi. Na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa juma. Basi mtu wa mezani hutosheka na wati moja au mbili, na zilizobaki ni akiba ya mishindo ya ghafla. Mwenye kujua haya hawezi tena kutishwa na elfu kumi na mbili.

Nguvu ikishawekwa mahali pake, hubaki ubora, na hapo ndipo sabufa ya rahisi inapomwonea mtu wa meza. Chombo hicho kina boksi moja kubwa la besi na viboksi viwili vidogo vya kuweka kushoto na kulia. Fedha yote ya mtengenezaji imekwenda katika besi, kwa sababu besi ndiyo inayouza mlangoni, na viboksi vile vimepewa koni nyembamba ya kima cha mdomo wa kikombe, ndani ya plastiki nyepesi inayotetemeka yenyewe. Na maneno ya mwanadamu hayakai katika besi. Simu ya mezani ya zamani ilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, na wapenzi walielewana na kugombana vizuri kabisa. Humo ndimo yakaamo maneno, namo ndimo viboksi vile vilimonyimwa fedha. Kadhalika mwelekeo: sauti nzito sana, iliyo chini ya hezi 80 hivi, sikio haliwezi kusema imetoka upande gani, ndiyo maana boksi la besi laweza kuwekwa chini ya meza au nyuma ya kochi; bali hatua za adui, mlio wa risasi, pasi iliyopigwa upande wa kulia wa uwanja, hujulikana mahali pake kwa masafa ya juu yanayotoka katika spika mbili zilizo sawa, zilizotazama masikio, zilizoachana kwa kadiri ile ile zilivyo mbali na msikilizaji. Mchezaji mwenye besi ya kutikisa madirisha na viboksi hafifu atajua kwamba ameshambuliwa, lakini hatajua kutoka wapi.

Namna ya kujaribu nayo ina elimu yake. Mwuzaji atakuwekea wimbo wake, uliochaguliwa kwa ngoma zake. Usikatae, ni haki yake, lakini ukimaliza kutikisa kichwa mpe simu yako uliyoijaza vitu vitatu: mtu anayesoma habari, wimbo wa taarabu, na kipande cha mchezo unaoucheza. Taarabu nimeitaja kwa makusudi, wala si kwa mapenzi ya mtu wa pwani peke yake. Kanuni na fidla na udi vikipigwa pamoja nyuma ya sauti ya mwanamke, spika mbovu huvichanganya vyote vikawa uji. Spika njema humwacha kila mpigaji na kiti chake. Chukua rekodi ya siku hizi iliyo safi, maana santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, pamoja na utukufu wake wote, zimebeba mkwaruzo wa zama zake, nawe hutajua ulaumu santuri au spika. Kisha omba sauti ishushwe chini kabisa. Hapo kijana wa duka atakutazama kwa huruma, vumilia. Chombo kisichosema vizuri kwa sauti ndogo hakifai mezani, na chombo kinachonguruma chenyewe pasipo wimbo wowote kitakunung'unikia usiku kucha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huwarudisha watu Kariakoo kwa nauli ya pili: tundu. Kompyuta haina shida, kwa kuwa karibu zote zina tundu dogo la hedifoni, na waya wenye pini hiyo upande mmoja na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili, hutosha kuiunga na karibu spika yoyote. Mashine za gemu ndizo zenye vituko. PlayStation 2, ambayo ingali ikiwalisha wenye mabanda mitaani, hutoa sauti kwa pini zile zile nyekundu na nyeupe, nayo huingia katika sabufa moja kwa moja kama mtu aingiaye nyumbani kwake. PlayStation 4 ya kwanza ilikuwa na tundu la waya wa mwanga (optical), lakini ile nyembamba iliyotoka mwaka 2016 ikanyimwa, na PlayStation 5 haikurudishiwa. Xbox Series X na S za mwaka 2020 nazo vivyo hivyo. Mashine hizi mpya hutuma sauti pamoja na picha katika waya mmoja wa HDMI uendao kwenye televisheni. Nintendo Switch ni ya ukarimu zaidi, kwani juu yake kuna tundu la hedifoni, na tangu mwaka 2021 imekubali kutuma sauti kwa Bluetooth.

Kwa hiyo mwenye mashine mpya aitazame kwanza televisheni yake, maana ndiyo itakayokuwa mlango wa sauti. Ikiwa ina tundu la hedifoni au pini nyekundu na nyeupe za kutolea, mambo yamekwisha. Ikiwa ina tundu la waya wa mwanga tu, atanunua kigeuzi kidogo cha kuibadili sauti ya tarakimu iwe sauti ya kawaida, na hapo ajihadhari na jambo moja: katika mipangilio ya televisheni achague PCM, kwani vigeuzi vya rahisi havielewi lugha ya Dolby, na wengi wamerudisha vigeuzi vizima dukani wakidhani vibovu. Na aliyetumia skrini ya kompyuta badala ya televisheni atazame nyuma ya skrini hiyo, kwa kuwa nyingi zina tundu la hedifoni ambalo mwenyewe hajawahi kuliona.

Bluetooth ndilo neno litakalotajwa na kila mwuzaji, nami sina ugomvi nalo kwa mtu anayesikiliza nyimbo akipika. Kwa gemu halifai. PlayStation 4 na 5 hazikubali spika za Bluetooth za kawaida hata kidogo; na hata pale lifanyapo kazi, sauti huchelewa kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, au zaidi, ukapiga mpira ukauona umeingia wavuni ndipo usikie mguu ulioupiga. Waya wa shilingi chache ni mwaminifu kuliko hewa.

Umeme wetu nao una la kusema. Kompyuta mpakato ikiwa katika chaji, na spika zikiwa katika soketi nyingine, mara nyingi huzuka mvumo kama wa nyuki. Chomoa chaji, na mvumo ukitoweka ujue spika hazina kosa, bali umeme unazunguka kati ya nyaya mbili za ardhi, na dawa yake ni kuviunga vyombo vyote katika soketi moja, au kununua kitenganishi kidogo kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Siku za umeme kupanda na kushuka, kinga ya soketi ni bora kuliko majuto. Na pale umeme unapokatika kabisa, spika ndogo zinazokula nguvu ya USB, kama Creative Pebble yenye wati 4.4 za kweli tu, huendelea kusema maadamu betri ya kompyuta i hai.

Basi mwenye fedha ya kupima anunue nini? Kwa mtu wa meza rai yangu ni spika mbili za boksi la mbao iliyoshindiliwa, zenye amplifaya ndani, zisizo na boksi la tatu. Mfano wake unaojulikana dunia nzima ni Edifier R1280T, yenye jumla ya wati 42 za kweli, koni za inchi nne, na twita, yaani spika ndogo ya masafa ya juu, ya hariri; si chombo cha bei ya chini kabisa, na chochote cha umbo hilo kitafaa kikifaulu majaribio niliyoyataja. Asiyeifikia bei hiyo achukue zile ndogo za USB, akae karibu, wala asione haya. Spika ndefu za kuweka chini ya televisheni nazipita upesi: za rahisi zina kushoto na kulia vilivyobanana mno kumfaa mtu wa gemu.

Njia ya tatu ndiyo niipendayo, ingawa yataka subira: spika za mtumba kutoka Ulaya, za zile redio kubwa ambazo wenyewe walizitoa sebuleni mwao zilipopitwa na wakati, ukaziunga na amplifaya ya zamani au ndogo ya kisasa. Kwa bei ya plastiki mpya hupata mbao nzito na koni pana. Lakini vua kitambaa cha mbele kabla hujatoa fedha. Ule ukingo laini unaozunguka koni, ukiwa wa sponji, huoza kwa umri na kwa hewa yetu ya chumvi; uguse kwa kidole, na kikibaki na unga mweusi shusha bei au ondoka. Isukume koni polepole kwa vidole vilivyoenea sawasawa, na ukisikia mkwaruzo ndani, waya wake umepinda. Ukingo uliooza mafundi wetu huuweka upya. Waya uliopinda ni msiba mwingine.

Kuhusu vyombo vya kughushi sitasema mengi. Jina kubwa la kigeni kwa robo ya bei yake ni jina tu. Dai risiti ya mashine ya kodi, ambayo imekuwapo nchini tangu mwaka 2010, si kwa ajili ya serikali peke yake bali kwa sababu ndiyo karatasi pekee utakayoishika mkononi utakaporudi na chombo kilichokufa siku ya nne. Na muda wa dhamana uandikwe juu yake kwa kalamu, mbele yako.

Limebaki la jirani. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zinaondoka na maghorofa yanapanda, na katika maghorofa hayo besi haijui ukuta: hupita katika nguzo na sakafu, ikamwamsha mgonjwa wa orofa ya juu ambaye hausikii wimbo bali pigo lake tu. Kanuni za mazingira za mwaka 2015 zimeweka mipaka ya kelele na mitetemo, lakini sijamwona mtu anayepima kabla ya kubisha hodi. Spika mbili zilizoelekezwa masikioni mwako, kwa wati moja, ni nadra zimsumbue jirani, na hiyo ni thamani isiyoandikwa katika boksi lolote.

Ile sabufa yangu ya wati elfu kumi na mbili sikuitupa. Nilimpa mpwa wangu mwenye banda la gemu huko Buguruni. Iko juu ya kabati, imeungwa na PlayStation 2 kwa pini zake nyekundu na nyeupe, watoto ishirini huipigia kelele kutwa nzima, na hata leo hakuna aliyelalamika kwamba haisikiki.